Meno Yaliyotokeza: Umbile la Kuachwa au Dosari ya Kutibiwa?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twaingia katika suala la juma hili, ambalo limetufikia kutoka Machakos. Mama mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko na mume Muislamu wa Kikamba, ametuandikia kuhusu binti yake wa miaka 11. Meno ya juu ya binti huyo yametokeza mbele kiasi cha kwamba midomo yake haikutani ila kwa kujikaza. Shuleni wamempachika jina la mnyama. Chuoni, mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti ya kusikika tangu alipokuwa katika juzuu ya Amma, sasa zamu yake ikifika huufunika mdomo kwa ncha ya mtandio na kusoma kwa kunong'ona. Daktari wa meno ameshauri atiwe nyaya. Baba yu tayari kuuza ng'ombe. Anayekataa ni susu, kama wanavyomwita bibi Ukambani, mavyaa wa mama huyu, na ana hoja mbili: kwamba Mola ndiye aliyemuumba mtoto hivyo, na kwamba yeye amesikia kwenye darsa kuwa wenye kuyachezea meno yao wamelaaniwa. Mama auliza: je, bibi asema kweli?

Hoja za bibi si za kupuuzwa, wala hatutaki mama aliyetuandikia alichukue gazeti hili akamwonyeshe mavyaa yake kwa ushindi. Bibi amesikia jambo la kweli, lililo katika hadithi sahihi. Lililobaki ni kujua hadithi hiyo yamhusu nani. Na kwa kuwa maulamaa wetu hawakuwa wakihukumu jambo kabla ya kulifahamu sura yake, tuanze na meno yenyewe, kisha tuje kwenye hukumu.

Mtu ambaye meno yake yamekaa sawa, akiumanisha magego, meno yake ya mbele ya juu huyapita ya chini kidogo kwa mbele, na huyafunika kidogo kutoka juu, mfano wa kawa iliyoupita ukingo wa sahani. Kila kimoja cha vipimo hivyo viwili ni kiasi cha milimita 2 hadi 3. Basi kufunika kidogo ni umbile jema, wala si ugonjwa. Tatizo ni kuzidi. Kufunika kukizidi, meno ya mbele ya chini hupotea kabisa mtu anapouma, na katika hali mbaya ncha zake hufika kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, zikaujeruhi ufizi kila anapotafuna. Kutokeza kukizidi, meno ya juu husimama mbele kama upenu wa nyumba, na mdomo wa chini huingia nyuma yake na kuzidi kuyasukuma nje. Watu huyataja yote mawili kwa jina moja, walakini mtu aweza kuwa na hili bila lile, na matibabu yake si mamoja. Ndiyo sababu twawaomba wazazi wasilinganishe mtoto wa huyu na mtoto wa yule.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba, mara nyingi, kosa haliko kwenye meno ya juu hata kidogo. Ni taya la chini ndilo lililobaki nyuma katika ukuaji. Mtazame mtoto kwa ubavu, utaona kidevu kimerudi ndani. Meno ya juu yako mahali pake, ila yameachwa peke yake mbele. Mmarekani Edward Angle, ambaye mwaka 1899 alichapisha mgawanyo wa madaraja ya meno yasiyokutana vyema, hakuanza kwa kuyatazama meno ya mbele. Alitazama gego la kwanza la kudumu la juu linavyokaa juu ya mwenzake wa chini. Hali ya taya la chini kuwa nyuma aliiweka katika daraja la pili, na madaktari wa leo, wa Nairobi na wa kwingineko, bado wanautumia mgawanyo huo.

Kwa wanaodhani kuwa msiba huu umewashukia wao peke yao, tuseme kwamba utafiti wa watoto wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuta kwamba karibu 7 katika kila 10 wana kasoro ya namna fulani katika mpangilio wa meno. Nyingi katika hizo ni ndogo zisizohitaji chochote. Binti wa Machakos hayuko peke yake darasani, ingawa wanaomcheka hawajajitazama kwenye kioo.

Sababu yake ni nini? Ya kwanza ni urithi: baba ana taya jembamba, mama ana meno makubwa, na mtoto akachukua kutoka pande zote mbili. Kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Lakini ziko sababu zinazotoka katika malezi, na hapa wazazi wenzetu tusikilizane. Mtoto anayenyonya kidole gumba huyasukuma meno ya juu mbele na ya chini nyuma, saa baada ya saa, usiku kucha. Chuchu bandia hufanya vivyo hivyo. Tabia hiyo ikikoma kabla ya kutimia miaka 4 au hapo karibu, aghalabu meno hujirudi yenyewe, kwa sababu ya kudumu ya mbele hayaanzi kuota mpaka miaka 6 au 7. Ikiendelea baada ya hapo, ndipo huacha alama. Mtoto anayepumua kwa mdomo daima, kwa kuwa ana mafindofindo makubwa au nyama zilizovimba nyuma ya pua, naye yu hatarini. Huyu hulala mdomo wazi na kukoroma, na inafaa aonwe na daktari wa pua na koo kwanza. Na jino la utoto likioza likang'olewa mapema, majirani zake huliingilia nafasi, na la kudumu likija hukuta mlango umefungwa. Kauli ya kwamba meno ya utoto si kitu kwa kuwa yatang'oka tu, ambayo twaisikia hata kwa watu waliosoma, imeharibu vinywa vingi.

Katika mlango huu twapenda kutaja kwamba Qur'ani, katika Suratul Baqara, iliwaelekeza kina mama wanyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba watoto walionyonyeshwa hupatwa na kasoro za mpangilio wa meno kwa uchache kuliko wasionyonyeshwa, kwa sababu kunyonya ziwa huyafanyisha kazi mataya na ulimi kwa namna ambayo chupa haiwezi. Hatusemi kwamba aya iliteremka kwa ajili ya meno.

Ama ile dawa ya Pwani ya kumpaka mtoto shubiri au pilipili kidoleni, twaiona ni ukali usio na haja. Pilipili huingia machoni, na mtoto anayenyonya kidole kwa sababu ya hofu huongezewa hofu nyingine. Kumsifu kila siku aliyopitisha bila kidole, na kumvisha soksi mkononi wakati wa kulala kwa ridhaa yake mwenyewe, kumewafaa wengi.

Sasa madhara. Mtu aweza kuuliza: meno kutokeza yana dhara gani zaidi ya sura? La kwanza ni kuvunjika. Mtoto ambaye meno yake ya juu yametokeza kuzidi milimita 3 yu katika hatari ya kiasi cha mara mbili ya wenzake ya kuyaumiza meno hayo anapoanguka. Na watoto wetu huanguka: kwenye ngazi za shule, kwenye mawe, kwenye bodaboda. Hili hasa ndilo tungependa susu alipime. Jino la kudumu likivunjika kwa mtoto wa miaka 11, halioti jingine.

Na kwa kuwa tumelitaja, kila nyumba ijue hili. Jino la kudumu likitoka zima zima, liokoteni kwa kulishika sehemu nyeupe, msiushike mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuzeni kwa maziwa, au kwa maji safi kwa sekunde chache tu, bila kulisugua. Lirudisheni kwenye shimo lake ikiwezekana, au litieni katika kikombe cha maziwa, kisha mkimbilie kwa daktari wa meno ndani ya saa moja, na kila dakika inayotangulia ni faida. Jino la utoto halirudishwi. Tumewahi kumwona mzazi amefika na jino la mwanawe limefungwa kwenye karatasi, limekauka, ilhali dukani aliponunulia ile karatasi palikuwa na maziwa.

Dhara la pili ni la ufizi. Midomo isiyokutana huacha ufizi wa mbele ukavu, ukavimba na kutoka damu. La tatu latugusa sisi wa vyuoni. Wanafunzi wa tajwidi wanajua kwamba herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutoka kwa ncha ya ulimi kukutana na ncha za thanaya za juu, yaani yale meno mawili ya mbele. Faa hutoka kwa ncha za meno hayo kukutana na tumbo la mdomo wa chini. Baa na miim hazitoki ila midomo ikutane. Basi mtoto ambaye midomo yake hukutana kwa taabu, miim yake hupungua ghunna, na baa yake hulegea. Hili si uvivu wala ukaidi. Anastahili mwalimu wa kumvumilia na kumtafutia njia, na wengi hujifunza kutamka vizuri kabisa hata kabla ya matibabu. Maalim anayemwiga mbele ya wenzake ili wacheke, akumbuke yale yaliyomo katika Suratul Hujurat kuhusu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Sura hiyo huwa ameisomesha yeye mwenyewe.

Tuje kwenye hukumu. Hadithi aliyoisikia bibi ni ile iliyopokewa na Abdullahi bin Masuud (r.a.), na imo katika Bukhari na Muslim. Ndani yake wametajwa kwa laana wanawake wanaochanja na kuchanjwa mwili, wanaonyoa nyusi, na wanaoyatenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha umbo la Mwenyezi Mungu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, na ambaye sisi Mashafii twamtegemea sana, ameeleza katika sharhe yake ya Muslim kwamba wanawake waliopita ujana walikuwa wakiyasugua meno kwa tupa ili pawe na upenyo baina yake, kwa kuwa upenyo huo huwa kwa wasichana wadogo, wapate kuonekana vijana. Hapa Pwani upenyo huo twauita mwanya, na hakuna asiyejua jinsi unavyosifiwa. Aliyezaliwa na mwanya amshukuru Mola wake. Anayekwenda kuchongwa mwanya, meno yake yakiwa mazima, huyo ndiye anayeguswa na hadithi hii waziwazi, na twasikitika kwamba bado wapo.

Lakini Nawawi hakuishia hapo. Amebainisha kwamba kukatazwa kumefungamana na neno la kutafuta uzuri, na kwamba anayelihitaji jambo hilo kwa ajili ya dawa, au kwa sababu ya aibu iliyomo kwenye jino, hapana ubaya. Huu ndio ufunguo wa suala letu. Kuondoa dosari na kubadilisha umbo ni mambo mawili. Wa kwanza airudisha kazi ya kiungo kwenye hali ambayo Mola aliwaumbia watu kwa jumla, na wa pili ameipata hali hiyo na hakuridhika nayo.

Dalili nyingine ni ya sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahiliya. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru ajifanyie ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na bado imeruhusiwa kwa haja hiyo. Imamu Tirmidhi, baada ya kuipokea hadithi hii, akataja kwamba zaidi ya mmoja katika watu wa elimu waliyafunga meno yao kwa dhahabu. Kwa hiyo uzi wa madini kinywani mwa Muislamu si jambo la juzi, na waliofanya hivyo walikuwa maulamaa.

Katika zama zetu, Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ya kimataifa ilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ikatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha maumbile. Iliruhusu kutengeneza dosari za kuzaliwa, kama mdomo uliopasuka na vidole vya ziada, na meno yametajwa humo, iwapo kuwepo kwake kunaleta madhara ya kimwili au ya kinafsi yenye athari. Zingatia neno hilo, ya kinafsi. Mtoto aliyeacha kusoma Qur'ani kwa sauti kwa sababu ya haya ya mdomo wake amefikwa na athari.

Hukumu yetu basi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba binti huyu yafaa atibiwe, na wazazi wake hawana dhambi. Ama kijana ambaye meno yake yamepangika, yanakutana vyema, na ataka nyaya kwa kuwa rafiki zake wanazo, huyo tunamzuia. Zipo nchi za kusini mashariki mwa Asia ambako nyaya za bandia huuzwa kama kipuli, hazitibu kitu. Huo ni uharibifu wa mali na wa kinywa. Na baina ya pande hizi mbili kuna walio katikati, jino moja limepinda kidogo, na hao waulize daktari muaminifu: je, lina dhara sasa au baadaye? Jibu lake ndilo litakaloelekeza hukumu.

Susu wa Machakos huenda anayo sababu nyingine ya kulichukia jambo hili, ambayo hakuisema. Wakamba wa zamani walikuwa na desturi ya kuyachonga meno ya mbele yakawa na ncha, wanaume kwa wanawake, na ikahesabiwa kuwa urembo na alama ya kabila. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliieleza katika kitabu chake. Uislamu ulipopanda huko kutoka Pwani pamoja na misafara iliyopita kwa Masaku, kabla Nairobi haijawa mji, uliikuta desturi hiyo, na ni dhahiri kwamba mafundisho ya hadithi ya Ibn Masuud yaliigusa. Pengine bibi alilelewa akiambiwa kwamba sisi Waislamu hatuyagusi meno. Lilikuwa ni neno la kweli kuhusu kuchonga. Mwambieni kwa upole kwamba nyaya hazichongi, hazipunguzi jino, na hazilibadilishi umbo. Huliondoa mahali na kuliweka pengine.

Hilo hufanyikaje? Jino halikushikamana na mfupa kama msumari kwenye ubao. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyembamba mno za mwili. Likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa upande linakoelekea huyeyuka polepole, na wa upande linakotoka hujijenga upya. Mwendo wake ni kiasi cha milimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo matibabu huchukua miezi 18 hadi 24, na pengine zaidi, na anayewaahidi miezi mitatu mkimbieni. Pakiwa na msongamano, daktari aweza kuliomba jino moja kila upande liondolewe ili kupatikana nafasi. Likiondolewa kwa haja hiyo, hapana ubaya.

Kwa mtoto ambaye kosa ni la taya la chini, umri wa kukua ni hazina. Wasichana huingia katika kasi ya kukua kuanzia miaka 10 hadi 12 hivi, na wavulana huchelewa mwaka mmoja au miwili. Katika kipindi hicho daktari aweza kutumia kifaa cha vipande viwili, cha juu na cha chini, vyenye miteremko inayokutana ili kila mtoto aumapo taya la chini lije mbele. Kifaa hicho kilibuniwa Scotland mwaka 1977 na daktari William Clark, alipokuwa akimtibu mtoto wa daktari mwenzake aliyeanguka jino lake la mbele likang'oka. Jino lilikuwa limerudishwa, na mdomo wa chini ukawa walisukuma tena nje. Kwa wadogo zaidi, wa miaka 7 au 8, yatosha kuwapeleka waonwe. Ushahidi uliopo waonyesha kwamba kuanza mapema sana hakuleti tofauti kubwa mwishoni kuliko kungoja ujana, isipokuwa katika jambo moja, nalo ni kupunguza kuvunjika kwa meno ya mbele. Basi mtoto mdogo mchezaji mwenye meno ya nje kabisa hangojeshwi. Watu wazima pia hutibiwa, ila taya lao halikui tena, na tofauti kubwa ya mataya huenda ikahitaji upasuaji.

Binti wa miaka 11 yupo penyewe. Msimcheleweshe mpaka amalize shule.

Tumepata habari za vijana wanaojifunga mipira midogo, ile ya kufungia noti, kwenye meno ya mbele ili kuyavuta. Tafadhalini, wazazi, kagueni. Mpira huo huteleza juu chini ya ufizi, hupotea machoni, na huukata mfupa unaoshika jino mpaka jino zima likalegea na kutoka. Wala msimpeleke mtoto kwa fundi wa meno wa mtaani. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina daftari la waliosajiliwa, na ni haki ya mzazi kuuliza jina la anayemtibu mwanawe na kulitafuta humo. Muulizeni pia kama yeye ni daktari wa meno wa kawaida au amesomea hasa kupanga meno. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikisomesha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, na wataalamu wengi wako mjini humo, kiasi cha kilomita 60 na kitu kutoka Machakos.

Umbali huo uhesabiwe kabla ya kuuza ng'ombe. Nyaya hukazwa kila wiki 4 hadi 8. Nauli ya watu wawili, siku ya shule iliyopotea, siku ya kazi iliyopotea, mara 15 au 20. Gharama ya matibabu yenyewe aghalabu hupita laki moja, na bima nyingi hazilipi kupanga meno, hivyo ulizeni kwa maandishi. Madaktari wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo, na hilo halina riba ndani yake maadamu bei imekatwa tangu mwanzo na haiongezeki kwa kuchelewa. Lakini familia isiyoweza kumaliza isianze. Nyaya zilizoachwa kinywani bila kuangaliwa huozesha meno, na mtoto akatoka na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo. Bora kungoja mwaka, mkakusanya.

Mswaki wa mti ni sunna wala hatuuachi, ila pekee hauwezi kuingia chini ya uzi. Binti atahitaji mswaki wa nywele na dawa yenye floraidi, kila baada ya chakula. Muthokoi ulioiva vyema hauna neno. Mahindi ya kuchoma asiyaume gunzini, ayapukuse. Miwa, kashata na mabuyu magumu ayaage kwa muda.

Katika ibada hakuna tatizo. Kusukutua ni sunna kwetu katika udhu na katika josho, na maji yanayozunguka nyaya yatosha. Kifaa cha kuvuliwa avue akisukutua, ikiwa si taabu. Kukazwa nyaya mchana wa Ramadhani hakufunguzi, maadamu hakumeza kitu kwa kusudi, ingawa kwa kuwa meno huuma siku mbili tatu za mwanzo, ni heri miadi iwe usiku au baada ya mwezi. Daktari mwanamke akipatikana ndiye aliye bora kwa binti. Asipopatikana, mama au baba akae naye chumbani.

Baada ya nyaya kutolewa, mtoto hupewa kifaa cha kuyashikilia meno, na hapa ndipo wengi huharibu kazi ya miaka miwili. Mfupa mpya bado laini, na nyuzi zakumbuka zilikotoka. Asipokivaa, meno hurudi. Mwaka wa kwanza hufuatwa maagizo ya daktari bila kuruka, kisha usiku tu, kwa miaka mingi. Kinaoshwa kwa maji baridi, kwa sababu ya moto hukipinda, na kisifungwe kwenye karatasi wakati wa kula, kwani hutupwa pamoja na maganda. Kinunuliwe kijaluba chake.

Juma lijalo, insha Allah, tutajibu swali la msomaji wa Lamu kuhusu wasia wa mzee aliyeacha shamba moja na wake wawili.